Sindano ya Shingoni

Nakivale, Alhamisi 14 Machi 2024

Mama Ushindi,

Patrice anapakia mahindi yake garini hapa nje, anakuja huko Mbarara, na amesema hangoji mtu. Simu yako haipatikani tangu jana, ndiyo maana naandika. Hata ingepatikana, maneno haya si ya simu.

Kwanza ya huku, tangu gari la wagonjwa liwachukue wewe na Ancilla. Mtoto wa Ancilla ni mzima. Bibi yake mzaa baba anamlisha maziwa ya kopo, na baba yake amempa jina la Ikirezi. Jean-de-Dieu mwenyewe hali chakula. Kila akiniona ananishika mikono yote miwili: "Jirani, umenirudishia mke wangu." Namwambia anyamaze, kuta zina masikio.

Wewe ulikuwa nje ya chumba pale kituoni, hukuona yote. Mtoto alipotoka, damu haikukata. Mkunga Nyiramana alimtoboa Ancilla mkono wa kuume mara tatu, wa kushoto mara mbili, asipate mshipa. Mishipa yote ilikuwa imelala. Mimi nilisimama pale kama mkalimani, kazi yangu maneno tu. Kisha nikamwona Ancilla anapiga miayo. Nimelaza usingizi wagonjwa wa upasuaji miaka kumi na minne kule Kivu, najua maana yake: mtu anayevuja damu akianza kupiga miayo, anaondoka. Nikamwambia Nyiramana, "Inamisha kitanda, kichwa kiende chini." Nikamgeuza Ancilla uso, nikabonyeza juu ya mtulinga, mshipa wa shingo ukasimama, nikaingiza sindano kubwa kuliko zote zilizokuwa sandukuni. Sikuvaa glovu. Spiriti ilikuwa imekwisha, nilipangusa kwa maji. Serumu ya dripu ikakimbia, na yeye akafungua macho.

Unakumbuka nilivyoonywa mwaka jana. Diploma yangu haitambuliki hapa ukimbizini. Nikigusa mgonjwa tena, ni polisi. Na tarehe 22 nimeitwa kwa mahojiano ya kwenda ng'ambo, baada ya miaka tisa ya kungoja. Kwa hiyo ukiulizwa nani aliweka sindano, sema Nyiramana. Yeye amekubali, na karatasi ya kumhamisha mgonjwa imeandikwa hivyo.

Juu ya uchafu usiwe na wasiwasi. Nilibandika plasta nikaandika juu yake kwa kalamu, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza changu kibovu, kwamba sindano imewekwa bila usafi, itolewe kabla ya siku moja kuisha. Bila shaka wamekwisha kuitoa.

Mume wako,
Baudouin


Mbarara, Jumatatu 18 Machi

Baba Ushindi,

Barua yako niliipata. Simu waliniibia siku ya kwanza, nikiwa nimesinzia ku baraza pamoja na wanawake wengine wanaolinda wagonjwa wao.

Ancilla yuko hai. Tulipofika tu walimpasua, wakatoa kizazi. Sasa yuko mu chumba cha wagonjwa mahututi, fasi ya vitanda sita. Naruhusiwa kuingia mara mbili kwa siku, saa ya kumwosha. Unaacha viatu mlangoni, unavaa kanzu ya kijani, unanawa mpaka kiwiko. Wewe unazijua zile mashine. Mimi nilikuwa sizijui. Mustari wa kijani unaoruka ni moyo. Namba ya buluu ni hewa, inatoka ku kibanio kinachobana kidole. Siku hizi naangalia namba kwanza, uso wake baadaye, na naona haya. Ana mpira mdomoni unaompumulisha, hawezi kusema neno. Lakini akili iko. Nikimwambia, "Ikirezi amekunywa maziwa," machozi yanashuka mpaka ku sikio.

Muuguzi wake wa mchana anaitwa Sista Kabanyana. Alizaliwa Makenke, ku kambi ya askari, kwa hiyo Kiswahili anakijua, sawa vile mtu anatoa amri. Ijumaa daktari wa usingizi aliniuliza kupitia yeye:

"Hii sindano ya shingo, nani aliweka?"

Nikasema ni mkunga Nyiramana.

"Alivaa glovu?"

"Alivaa."

"Alisafisha na dawa?"

"Alisafisha mingi."

Daktari akasema huyo mkunga ana mikono ya pekee. Sista akanitafsiria, na mimi nikajivuna kimya juu yako.

Sindano yako bado iko shingoni. Mikono ya Ancilla imevimba, hawapati mshipa. Waliweka mpira mwembamba wa dawa ku kinena, ukaziba kwa damu. Ile mipira mirefu inayofika karibu na moyo imekwisha, wanangoja ingine kutoka Kampala. Dawa zote, hata damu, zinapita ku sindano yako. Sista anasema, "Hii ndio barabara yetu moja tu."

Lakini plasta yenye maandiko sijaiona. Iliyopo ni nyeupe tu. Nilimuuliza Sista kama waliibadilisha, akasema hapana, alikuja nayo hivyo, wao waliongeza nyingine juu.

Tangu jana ana joto. Wanasema baada ya upasuaji ni kawaida.

Ijumaa usichelewe ofisini. Cheti cha ubatizo cha Ushindi kiko mu Biblia.

Madeleine


Nakivale, Jumatano 20 Machi

Madeleine,

Barua hii isome ukiwa peke yako, kisha usikae nayo.

Yako ilinifikia Jumatatu jioni. Jana asubuhi nilikwenda kwa Nyiramana, nikamkuta anafua.

"Plasta yangu iko wapi?"

"Niliitoa."

"Kwa nini?"

"Mwandiko ulikuwa wako, Baudouin. Hapa kituoni nani haujui? Na karatasi inasema nimeweka mimi, kwa usafi wote. Ningepeleka mgonjwa na maneno mawili yanayopingana?"

Akainamia povu, akaendelea kufua. Hakufanya kwa ubaya. Alitaka kunifunika, na kujifunika. Nikamwomba apige simu hospitali, aseme ukweli. Akasema atapiga. Jioni nikarudi, alikuwa hajapiga. Leo ameniambia amepiga, lakini alisema hivyo akiangalia ukuta. Simwamini.

Kwa hiyo sikiliza vizuri. Sindano ile ni chafu, na leo ni siku ya nane. Joto lile si la upasuaji. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya pili, ya Kiingereza, ina jina langu na sahihi yangu. Mpe Sista Kabanyana mara tu barua itakapokufikia, hata kama yuko katikati ya kazi. Waitoe sindano hata kama hawana nyingine ya kuweka. Nimewaandikia fasi za kujaribu: chini ya mtulinga, au ndani ya mfupa wa mguu.

Utaniuliza kwa nini jana sikupanda gari nikaja mwenyewe. Nilijiambia kwamba Nyiramana atapiga simu. Nilijiambia kwamba mahojiano ni Ijumaa, na nikikosa jina letu linarudi chini kabisa. Nilijiambia kwamba Patrice anakuja Alhamisi, na kati ya Jumanne na Alhamisi tofauti ni ndogo. Nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi kwamba katika damu yenye uchafu kila saa ina uzito wake, na bado nikajiambia hivyo. Ukweli ni kwamba nimeogopa.

Usiwaze juu yangu. Toa karatasi.

Baudouin


Mbarara, Jumatatu 25 Machi

Baba Ushindi,

Karatasi yako nilimpa Sista palepale. Aliisoma amesimama, akakimbia kwa daktari.

Waliitoa sindano. Ku tundu lake kulitoka usaha. Walitoboa mfupa wa mguu, dawa zikapita huko mpaka mipira mirefu ikafika, wakaweka mmoja upande wa pili wa shingo. Lakini wanasema uchafu ulikuwa umekwisha kuingia mu damu. Presha ilianguka. Niliwekwa nje, nikasikia ile mashine ikilia bila kunyamaza na watu wakiitana. Waliponiruhusu kuingia, kibanio hakikuwa ku kidole tena, walikuwa wamekibandika ku sikio. Nikauliza kwa nini. Sista akasema, "Vidole ni baridi, mashine haisomi."

Leo vidole vyake ni buluu, na ku ncha vinaanza kuwa vyeusi. Ninavisugua. Sista ameniambia niache, kusugua hakusaidii.

Hujaniandikia mahojiano yalikwenda namna gani. Niambie kwamba yalikwenda vizuri. Nahitaji kusikia hivyo.

Madeleine


Nakivale, Jumatatu 15 Aprili

Madeleine,

Wiki tatu hujaniandikia. Patrice anasema anakuona ku geti, anakuuliza kama una barua, unatikisa kichwa unarudi ndani. Je, Ancilla amekufa na mnaogopa kuniambia? Jean-de-Dieu alikwenda mara mbili. Amerudi hasemi kitu zaidi ya kwamba vidole ni vyeusi. Anaendelea kunishukuru, na sijui nitazame wapi.

Uliuliza juu ya mahojiano. Yalikwenda vizuri. Mama mmoja mpole aliniuliza kama nimewahi kuvunja sheria ya nchi iliyonipokea. Nikasema hapana. Akaandika.

Patrice akipita leo, usimwache aondoke mikono mitupu. Kama huwezi kuandika wewe, mwombe Sista.

Baudouin


Mbarara, Jumatatu 22 Aprili

Mzee Baudouin,

Wewe hunijui. Mimi ni Kabanyana, nesi wa Ancilla. Kiswahili yangu ni ya Makenke, utanisamehe. Mama Ushindi amenionyesha barua yako, akasema yeye hana nguvu ya kuandika. Basi naandika mimi. Wewe ulitia jina lako kwa karatasi, na mtu akitia jina lake lazima ajibiwe.

Ancilla hakufa. Nakuambia hiyo kwanza.

Sasa ingine. Karatasi yako nilipewa na mama Jumamosi tarehe 23 mwezi wa tatu, saa mbili asubuhi, nikiingia kazi. Alikuwa analia, na karatasi ilikuwa imekunjwa ndogo ndogo, imelowa jasho. Saa tatu tulikuwa tumetoa sindano. Saa saba presha ikaanguka: sitini, hamsini, arobaini. Daktari aliweka kampira kadogo ndani ya mshipa wa mkono, ile inaonyesha presha kwa kila pigo la moyo, kwa sababu ile ya kufunga na kujaza upepo haikusoma kitu tena. Tulisimama hapo mpaka jioni tukiangalia mstari mwekundu. Kila ukilala, tunaongeza dawa. Ile dawa inaokoa moyo na figo na ubongo, lakini inafunga mishipa midogo ya mwisho mwisho. Tulijua. Tuliongeza hivyo hivyo. Ilikuwa vidole ama yeye.

Tarehe 5 tulitoa mpira kwa mdomo, akaanza kusema. Alhamisi iliyopita wamemkata vidole nne vya mkono wa kulia, tatu vya kushoto, na vya miguu karibu yote. Kulia amebaki na gumba. Kushoto gumba na kile cha kuonyesha. Alikuwa mshonaji, ameniambia.

Na sisi pia tuna makosa. Sindano ya dharura, siku kumi na moja! Hata kama karatasi inasema ni safi, tulipaswa kuwa na mashaka. Daktari alisema hivyo mbele yetu wote na hakuinua macho. Lakini alisema pia: bila ile sindano, huyu mama angekufa kabla ya gari kufika hata Kabingo, hapo njiani. Mimi nakuletea maneno yote, sikuchagulii.

Daktari anaomba kitu kimoja. Andika ukweli kwa kituo chenu, na utie sahihi, ili siku ingine mtu asitoe plasta ya mtu.

Kabanyana


Nakivale, Alhamisi 25 Aprili

Madeleine,

Patrice alipotoka Mbarara ile Alhamisi ya tarehe 21, alikuja mpaka mlangoni kuniambia: "Nimempa mama mkononi, saa sita, mbele ya geti." Nikamshukuru, nikalala nikijua kwamba sindano imetoka.

Sista anasema ulimpa karatasi Jumamosi asubuhi.

Nimekaa na jambo hili siku tatu. Katikati kuna Ijumaa, na Ijumaa mimi nilikuwa ofisini nikijibu maswali. Sina haja ya mtu kunieleza.

Nami sina pa kusimama nikuhukumu. Nilikuwa na Jumanne yangu na Jumatano yangu. Lakini uliniandikia "palepale". Hilo ndilo linanirudia nikiwa shambani.

Jana nilikwenda kwa Jean-de-Dieu. Alikuwa anapukuchua mahindi, mtoto amelala pembeni ndani ya beseni. Nikakataa kiti. Nikamwambia yote: mikono bila glovu, maji badala ya spiriti, plasta, Nyiramana, barua. Alisikiliza mpaka mwisho, mahindi bado mkononi. Kisha akauliza:

"Ulijua lini kwamba bado iko shingoni?"

"Jumatatu jioni."

"Na Jumanne gari zilikuwepo."

"Zilikuwepo."

"Na Ijumaa ukavaa shati safi, ukaenda kuomba safari yako."

"Nilienda."

Akainuka, akamchukua mtoto pamoja na beseni lake, akampeleka ndani kwa bibi. Aliporudi alisimama mbali. "Kama ungekuwa mtu mbaya ningejua la kufanya," akasema. "Sasa nenda nyumbani." Nikaenda.

Siku zako mbili sikumtajia. Nilizibeba ndani ya Jumanne yangu.

Nimeandika barua kwa kituo, nimetia sahihi. Wamenitoa kazini leo, na Nyiramana ameitwa kujieleza. Ofisi ya safari nimewaambia kwamba nilidanganya. Faili limesimamishwa, polisi hawajaja bado.

Nijibu wewe mwenyewe, kwa mkono wako.

Baudouin


Mbarara, Jumatatu 29 Aprili

Baba Ushindi,

Ni kweli.

Ile Alhamisi niliisoma barua yako nimesimama nyuma ya ukuta, fasi tunaanika nguo. Saa ya kumwosha ilikuwa imefika. Nikaiweka kifuani, nikavaa kanzu yao, nikaingia. Sista alikuwa pale, hatua mbili. Ningenyoosha mkono tu. Nikafikiri: nikitoa jina lako leo, kesho asubuhi ofisini watakuwa wanajua. Nikasema na Mungu, "Mpaka kesho. Mpaka Baba Ushindi atoke ofisini, kisha nitatoa." Ancilla alikuwa na joto lakini alikuwa anafungua macho. Nikaona siku moja ataiweza.

Ijumaa mchana vidole vyake vilikuwa baridi. Wakati ule ndipo Sista alihamisha kibanio ku sikio, sikukuandikia kwamba ilikuwa Ijumaa. Nikasema: jioni. Jioni Sista alikuwa amekwenda, na wa usiku hasikii Kiswahili, na nikashukuru kwamba hasikii. Ndiyo hivyo ikawa Jumamosi.

Nilitaka Ushindi akulie fasi ambapo mwalimu hamwiti mukimbizi. Sina neno lingine, na hili nimeligeuza mingi, halitoshi.

Sasa mimi ni mikono yake. Namlisha uji, namwosha, namfunga kitenge, nampeleka choo. Madonda ya vidole wananionyesha namna ya kufunga, nafunga. Kila mara ananiambia, "Aksanti, Mama Ushindi." Naingia mu choo cha wageni, nalia, nanawa uso, narudi.

Hajui. Ukitaka nimwambie, niandikie, nitamwambia siku ileile. Safari hii sitakaa na barua.

Madeleine


Mbarara, Ijumaa 3 Mei

Baba Ushindi,

Mwandiko ni wa Sista Kabanyana, maneno ni yangu. Nimemwomba aandike kama ninavyosema, asitengeneze.

Jean-de-Dieu alikuja Jumapili, akanieleza yote uliyomwambia. Ana hasira. Nimemwambia asikufanyie kitu. Juu yako wewe sijamaliza kufikiri. Nakumbuka siku ile ulinigonga shavu ukasema, "Ancilla, usilale, niangalie mimi." Nikakuangalia. Halafu naangalia hivi vidole vilivyobaki, namkumbuka binti aliyeagiza gauni la komunyo, kitambaa chake bado kiko kwenye cherehani. Siku moja nakuombea, siku ya pili sikuombei. Usiniulize zaidi ya hapo.

Lakini si hilo nililotaka kuandika. Kuna jambo ambalo Jean-de-Dieu hakuniambia, na nadhani wewe hukumwambia, ingawa Sista alikuandikia siku aliyopewa karatasi.

Mpira ulikuwa mdomoni mwangu, si masikioni. Ile Alhamisi Mama Ushindi alikuwa ananiosha mkono wa kulia, kidole kimoja kimoja. Akanong'ona na Mungu, akidhani nimelala. Alisema sindano ya shingoni ni chafu. Alisema karatasi iko kifuani pake. Alisema, mpaka kesho. Kiswahili chenu nakisikia, Baba Ushindi, tumekaa majirani miaka sita.

Nilitaka kupiga kelele, na mashine ikanipumulisha tu. Nikagonga kitanda kwa mkono. Namba zikapanda, ile mashine ikalia. Akadhani nina maumivu. Akanishika mkono, akaniimbia wimbo wa Bikira Maria mpaka namba zikashuka. Kesho yake nilimtazama Sista machoni, nikamtazama, nikamtazama. Akanigeuzia mto. Sasa anaandika haya na analia. Nimemwambia aendelee, yeye hakuwa na kosa.

Kwa hiyo najua. Nimejua tangu mwanzo, kabla yako.

Na naona kwamba Mama Ushindi anataka kuniambia. Tangu Jumatatu anamngoja Patrice kama mtu anayengoja hukumu. Ananipa uji huku akiangalia mlango. Mwandikie asiniambie. Akiniambia nitalazimika kumjibu, na jibu nililo nalo litamfukuza hapa. Atakwenda. Nani atabaki? Mama yangu yuko Ruyigi, hajui hata kama niko hai. Jean-de-Dieu ana mtoto mchanga na shamba. Mimi siwezi kufunga kifungo. Siwezi kujipangusa.

Sista anasema nikijizoeza na hivi vidole vitatu nilivyonavyo, baada ya miezi mitatu nitashika kijiko, nitavaa nguo, pengine nitatembea na fimbo. Siku hiyo nitamwambia mwenyewe, kila kitu, nikiwa nimesimama. Kwa sasa acha aendelee kuniosha. Wakati mwingine akiniosha namchukia mpaka natetemeka, naye ananiuliza kama maji ni baridi, na kuniongezea ya moto.

Jean-de-Dieu amesema umeamua kusema kweli kwa kila mtu, kituoni, ofisini, kote. Ni vizuri. Lakini hii moja utaificha, kwa sababu mimi ndiye ninayekuomba. Mwandikie maneno mawili tu, "Usimwambie," na usimpe sababu.

Ancilla